Ulinganisho: mti, wavu au mafuriko yaliyopunguzwa kwa maltikasti ya redio za kijeshi zinazotembea?

Mawimbi_Mafupi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Naomba mchango wenu kwenye jambo ambalo nimelizunguka kwa wiki kadhaa bila kulimaliza.

Nalinganisha njia za kusambaza maltikasti, yaani pakiti moja kwenda kwa wengi, kwenye mtandao wa redio wa kombania moja iliyo uwanjani. Hakuna mnara wala ruta (kifaa cha kupitisha pakiti) iliyosimama mahali. Kila redio ni ruta, na kila ruta inatembea. Kwenye uigaji wangu nimeweka nodi 40: magari 8, askari wa miguu 30 na droni 2. Wote wanagawana chaneli moja ambayo mambo yakiwa mazuri inabeba Mb/s 1.

Mzigo una sura nne. Kila nodi inatangaza mahali ilipo kila sekunde 5, pakiti ya baiti 200, na kila mtu anataka kuona wenzake wote. Kuna sauti ya kundi. Kuna picha za kB 500 hivi kutoka kwenye droni kwenda kwa watu watatu au wanne tu. Halafu kuna amri fupi ambazo lazima zimfikie kila mmoja, na hizo ndizo zinazonikosesha usingizi.

Kumtumia kila mpokeaji nakala yake peke yake nimeshaachana nako. Nodi 40, kila moja ikiwatumia wenzake 39 biti 1,600 kila sekunde 5, ni karibu kb/s 500 hata kama wote wako hatua moja tu, yaani mrusho mmoja toka redio hadi redio. Wakiwa hatua mbili kwa wastani, taarifa za mahali pekee zinajaza chaneli na sauti inakosa pa kupita.

Nimebaki na itifaki hizi, yaani kanuni za kusambaza pakiti: MAODV ya 1999 inayojenga mti, ODMRP, nayo ya 1999, inayojenga wavu, pamoja na PUMA ya 2004, SMF iliyoandikwa kwenye RFC 6621 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) mwaka 2012, ambayo ni mafuriko, yaani anayepokea anarusha tena, lakini wachache waliochaguliwa ndio wanaorusha, na PIM ya kawaida, ambayo nimeizoea kwenye mitandao ya waya. Moyo wangu uko kwa ODMRP, kwa sababu wavu una njia za akiba. Niko sahihi?

---

FundiAntena

PIM iondoe leo hii. PIM hukagua kama pakiti imeingia kwa upande ule ambao ruta ingeutumia kumrudia mtumaji, na ikiingia kwa upande mwingine inatupwa. Kwenye waya ukaguzi huo unazuia mizunguko. Kwenye redio zinazotembea, jedwali la njia linachelewa nyuma ya hali halisi, kwa hiyo pakiti nzima kabisa inatupwa kwa sababu tu jirani amehama.

Na kuna kubwa zaidi. Ruta ya kawaida haitoi pakiti ya maltikasti kupitia kiolesura, yaani mlango wa mtandao, kilekile ilichoingilia. Redio yako ina kiolesura kimoja. A anasikika na B, B anasikika na C, lakini A na C hawasikilizani. B lazima apokee na kurusha tena kwa antena ileile. PIM haikuumbwa kwa hali hiyo. Mahali pake ni kwenye lango, pale mtandao wa uwanjani unapokutana na makao makuu yenye waya.

---

Bi_Itifaki

Mkuu Mawimbi, kabla ya kuchagua jina la itifaki, hesabu kwanza watumaji. Watu wengi huhesabu wapokeaji na kusahau watumaji, ndiyo maana ODMRP inawavutia.

ODMRP inafanya kazi hivi: kila mtumaji, kwa vipindi, anafurisha mtandao mzima na ombi la kujiunga. Wapokeaji wanajibu kwa njia ile ombi lilikopitia, na nodi zilizo kwenye njia hiyo zinakuwa kundi la kurusha. Hakuna kinachofutwa kwa ujumbe maalumu. Usipohuishwa, muda wako unakwisha unatoka. Ni muundo mzuri, na kwa mtumaji mmoja au wawili unastahimili mwendo vizuri sana. Tatizo ni kwamba wewe kwenye taarifa za mahali una watumaji 40. Ni mafuriko 40 ya maombi kila kipindi, na kila mtumaji anaongeza nodi zake kwenye kundi la kurusha, hadi karibu kila nodi imo. Umelipa gharama ya kujenga wavu, halafu unapata mafuriko yaleyale uliyotaka kuyakwepa.

PUMA iliona shida hiyo. Kundi linachagua kiini kimoja, na kiini hicho pekee ndicho kinachosambaza matangazo. Kila nodi inajua njia ya kukifikia, na wavu unajengwa humo. Idadi ya watumaji haipandishi tena gharama ya udhibiti. Kwa mtandao wako ningeitanguliza PUMA mbele ya ODMRP bila kusita.

Mti wa MAODV nauogopa zaidi. Mti una njia moja tu kati ya nodi mbili. Tawi likikatika, upande wa chini unakaa kimya hadi ukarabati uishe: ombi linatoka, majibu yanarudi, ujumbe wa kuwasha tawi unatumwa. Kundi likigawanyika sehemu mbili, kila sehemu inapata kiongozi wake, na zikikutana lazima kiongozi mmoja ajiuzulu. Kwenye msafara unaopita mabonde, kukatika na kukutana ndiyo maisha ya kila siku.

Lakini swali la msingi ni hili: kama kila nodi ni mwanachama wa kundi, unajenga mti au wavu ili kumkwepa nani? Faida ya kuelekeza maltikasti ni kutowasumbua wasiohusika. Kwenye taarifa za mahali, sauti na amri, asiyehusika hayupo. Kilichobaki ni kupunguza idadi ya wanaorusha tena, na hiyo ndiyo kazi ya SMF.

---

Mawimbi_Mafupi

Dada, hoja ya watumaji imenigusa. Nilikuwa najaribu kwa mtumaji mmoja mmoja, ndiyo maana wavu ulionekana mtamu. Nimerudia hesabu kwa taarifa za mahali:

Mafuriko ya kila mtu kurusha tena: taarifa 40, kila moja inarushwa mara 40, kila sekunde 5. Ni kb/s 512, zaidi ya nusu ya chaneli.

SMF ikibakiza warushaji 10: kila taarifa inarushwa kama mara 11. Ni karibu kb/s 141.

Hapo sijaweka vichwa vya pakiti wala ujumbe wa kutambua majirani, lakini tofauti ni kubwa. Je, 10 ni namba ya kuaminika?

---

FundiAntena

Inategemea msongamano. Nodi 40 zikiwa zimejazana, hata 5 zinatosha. Zikinyooka barabarani kama msafara, karibu kila moja ni mrushaji, na hapo SMF haikuokolei kitu. Weka sura zote mbili kwenye uigaji wako.

Kwamba marudio mengi yanapotea bure si jambo jipya. Mwaka 1999 Ni, Tseng, Chen na Sheu walionyesha kwamba nodi inayorusha tena kile ilichosikia inaongeza eneo jipya kwa asilimia 61 ikibahatika sana, na kwa wastani asilimia 41. Ukishasikia pakiti ileile mara nne, unachoongeza wewe ni chini ya asilimia 5, huku ukigombania hewa na jirani anayefanya vilevile.

Jambo la pili. Kama tabaka la chini la uigaji wako ni 802.11 (Wi-Fi), kumbuka kwamba fremu ya maltikasti haina uthibitisho wa kupokelewa, hairudiwi ikipotea, na huwa inatumwa kwa kasi ya msingi. Marudio machache ya ziada ndiyo bima yako. Ukikata warushaji hadi idadi ndogo kabisa kinadharia, umekata na bima.

---

Nukta_na_Mstari

Nimesoma uzi wote na kuna mtu mnamsahau: askari aliyeamriwa kunyamaza.

Uwanjani kuna wakati redio inaruhusiwa kusikia tu. Ukitoa mawimbi, adui anatafuta mwelekeo wako, na muda si mrefu anajua ulipo. Sasa angalieni itifaki mnazozisifu. Kwenye MAODV mpokeaji anajiunga kwa kutuma ombi. Kwenye ODMRP anajiunga kwa kujibu. PUMA nayo inahitaji mpokeaji ajulishe kuwa yupo. Aliyenyamaza hana namna ya kujulisha, kwa hiyo hakuna njia itakayojengwa kumfikia, na amri ya kurudi nyuma inaweza kumpita akiwa mita chache tu nje ya masafa ya mrushaji aliye karibu.

Kwenye mafuriko, yawe yamepunguzwa au la, anasikia bila kusema neno. Anahitaji tu kuwa ndani ya masafa ya mrushaji mmoja. Tena hapa kuna tahadhari: SMF inachagua warushaji kwa kutazama majirani wanaosikika wakijitangaza. Aliyenyamaza hayumo kwenye ramani hiyo, kwa hiyo hakuna mrushaji anayechaguliwa kwa ajili yake. Atafikiwa kama kuna ziada. Kwa amri za kundi zima mimi ningerudi kwenye mafuriko kamili: pakiti ni ndogo, zinakuja mara chache, na thamani ya kumkosa mtu mmoja hailingani na biti zilizookolewa. Kwa picha siwezi kusema hivyo.

---

Mawimbi_Mafupi

Hili sikuwa nimeliweka kabisa. Asante sana, mkuu. Naongeza nodi 5 zinazosikia tu.

Swali kwa wote: ndani ya SMF kuna namna zaidi ya moja ya kuchagua warushaji. Kuna S-MPR na kuna E-CDS. Ipi?

---

Bi_Itifaki

Kwenye S-MPR kila nodi inawateua baadhi ya majirani wake ili wafike kwa wote walio hatua ya pili. Ni wazo lilelile la OLSR, itifaki ya kutafuta njia, RFC 3626 ya 2003. Mteule anarusha pakiti ikiwa tu ameipokea kutoka kwa aliyemteua. Maana yake lazima ajue nani hasa aliyemrushia, na pakiti ya IP yenyewe haisemi hivyo. Inabidi uchungulie anwani ya tabaka la chini. Baadhi ya redio hazikupi taarifa hiyo.

E-CDS ni ya kujiteua. Kila nodi inatazama majirani wa hatua mbili, inalinganisha kipaumbele chake na chao, inaamua yenyewe. Ikishakuwa mrushaji inarusha pakiti ya yeyote, bila kuuliza imetoka wapi. Mimi naipenda hiyo kwa sababu kipaumbele unaweza kukipanga: wape magari kipaumbele cha juu, yana betri kubwa na antena ndefu, wa miguu wapumzike.

---

Nukta_na_Mstari

Na hapo unachagua pia nani aonekane na adui zaidi. Nodi inayorusha tena pakiti za wote inapiga kelele muda wote. Gari linaweza kusogea baada ya kusikika. Mtu aliyelala kwenye mtaro hawezi. Nakubaliana na magari.

Droni zisipewe kipaumbele cha juu kuliko vyote, ingawa zinasikika na kila mtu. Zitajiteua peke yake, kila kitu kitapita juu, halafu moja ikitua kubadilisha betri au ikivurugwa mawimbi, mtandao unabaki na ramani ya zamani. Kwa vipimo vya kawaida vya OLSR, salamu (ujumbe wa kujitangaza kwa majirani) hutumwa kila sekunde 2 na jirani anaaminiwa sekunde 6 tangu asikike mara ya mwisho. Gari la km 60 kwa saa linakwenda mita 100 katika sekunde 6. Wakati huo wote mnategemea mrushaji ambaye hayupo.

---

FundiAntena

Sasa niseme lililonitesa mimi, maana kwenye makala nyingi linapitwa kwa sentensi moja: kutambua nakala. Mafuriko ya aina yoyote yanasimama juu ya swali moja: pakiti hii nimeshaiona? Ukikosea kwa kusema hapana, pakiti inazunguka hadi TTL, idadi ya hatua ilizoruhusiwa, iishe. Ukikosea kwa kusema ndiyo, unaua pakiti nzima.

Tulikuwa na jaribio ambalo pakiti ya kwanza ya kila mtumaji ilivuka hatua zote, na zilizofuata zikaishia hatua ya kwanza. Siku mbili tukashuku antena. Kumbe tulikuwa tunatambua nakala kwa namba ya utambulisho ya kichwa cha IPv4, na mfumo endeshi wa watumaji ulikuwa unaweka sifuri kwenye kila pakiti isiyoruhusiwa kukatwa vipande. Haukuwa ukivunja sheria: RFC 6864 ya 2013 inasema wazi kwamba kwa pakiti kama hizo namba hiyo si lazima iwe ya kipekee. Kwa ruta zetu, pakiti zote zilikuwa nakala za ile ya kwanza.

Dawa ni hashi (alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo) ya pakiti, ukiacha sehemu zinazobadilika njiani kama TTL, lakini nayo ina mtego: programu ikituma ujumbe uleule neno kwa neno, wa pili unaonekana nakala na unatupwa. Weka muda au namba ya mfululizo ndani ya ujumbe. Na kama pakiti zimefungwa kwa IPsec, yaani usimbaji wa pakiti za IP, tumia namba ya mfululizo ya kichwa chake. SMF inairuhusu, na ndiyo safi kuliko zote.

La mwisho, dogo ila limewapotezea wengi muda: TTL ya maltikasti kwenye programu nyingi ni 1 usipoibadilisha. Pakiti inafika kwa jirani na kufia hapo, halafu lawama zinaenda kwa itifaki.

---

Zamu_Tatu

Wakuu, mmelinganisha vizuri, ila zote ni itifaki zinazokaa juu ya redio zinazogombania hewa. Kuna shule nyingine, ya kurusha kwa pamoja.

Muda unagawanywa kwa zamu na saa za redio zote zinaenda sambamba. Mtumaji anarusha zamu ya kwanza. Wote waliosikia wanarusha pakiti ileile, wakati uleule, zamu ya pili. Walio nyuma yao, zamu ya tatu. Mawimbi yanayofanana yanakutana kwa mpokeaji, na redio iliyotengenezwa kwa ajili hiyo inayaunganisha kama mwangwi wa sauti moja badala ya kuyaona ni mgongano. Zamu ya nne wimbi liko mbali, kwa hiyo mtumaji anaweza kuingiza pakiti mpya. Hakuna salamu, hakuna majirani, hakuna mti wa kukarabati. Nodi ikihama katikati ya pakiti, wimbi halijui wala halijali. Kwenye vitambuzi vidogo vya 802.15.4, kiwango cha redio za nguvu ndogo, kazi ya Glossy ya 2011 ilionyesha wazo hilohilo, kwa sharti kwamba tofauti ya muda isizidi nusu ya mikrosekunde.

Bei yake: unapata theluthi moja ya chaneli, na hiyo haishuki hata hatua ziwe 3 au 8. Kwa sauti ya kundi sijaona kinachoikaribia.

---

Bi_Itifaki

Kaka Zamu, kwa sauti nakubali. Lakini bei haikuisha hapo. Kila anayesikia anarusha, kwa hiyo betri za askari wote 30 zinaliwa na wote wanaonekana hewani, hoja ileile ya Nukta. Mtiririko mmoja unashika eneo zima, hata kama mtumaji na mpokeaji wamekaa jirani, mpaka uweke mipaka ya wimbi. Na huwezi kuiweka kwenye redio uliyonayo kwa kubadilisha programu tu. Inatakiwa mawimbi na saa vilivyojengwa hivyo tangu mwanzo.

---

Zamu_Tatu

Kweli, na aliyenyamaza anabaki kusikia tu bila kuvuruga chochote. Ila kama redio zimeshanunuliwa, SMF ndiyo chaguo lako.

---

Mawimbi_Mafupi

Redio zimeshachaguliwa, zinagombania hewa. Basi nabaki na swali la picha. kB 500 ni Mb 4, sekunde 4 za hewani kwa mrusho mmoja. Kwa SMF ya warushaji 10 ni sekunde 44 za chaneli kwa picha moja inayohitajika na watu watatu. Kama njia ya kuwafikia hao watatu inapita nodi 5 tu, ni sekunde 24. Hapo wavu unaonekana kuwa na haki yake.

---

Bi_Itifaki

Una haki, na hapo ndipo PUMA inaingia: wapokeaji wachache, data nyingi, asiyehusika yupo kweli. Hakuna sheria inayokulazimisha itifaki moja kwa makundi yote. Anwani ya kundi ndiyo iamue.

---

Nukta_na_Mstari

Ongeza NORM juu yake, itifaki ya kufikisha maltikasti kwa uhakika, RFC 5740. Mpokeaji analalamika akikosa kitu, halafu mtumaji anatoa pakiti ya urekebishaji. Uzuri wake: wapokeaji watatu wakikosa pakiti tatu tofauti za fungu moja, pakiti moja ya urekebishaji inawatibu wote. Kwa waliokatazwa kurusha, angalia ACP 142, hati ya mawasiliano ya majeshi washirika, ambayo iliandikwa kwa hali hiyo: wanapokea sasa, uthibitisho unakuja baadaye wakiruhusiwa. Mtumaji anarudia mara kadhaa alizopangiwa bila kungoja jibu.

---

Mgeni_Mtandaoni

Samahani kuingilia. Kama kati ya kompyuta na redio kuna kifaa cha kusimba, redio itajuaje kompyuta imejiunga na kundi gani?

---

FundiAntena

Swali zuri mno. Haitajua. Ombi la kujiunga linaishia kwenye kifaa cha kusimba, upande mwekundu, ambako ujumbe haujasimbwa; upande mweusi, uliosimbwa, unaona bahasha tu. Inabidi kila kundi la ndani lipangiwe kundi la nje mapema, na kifaa ndicho kijiunge huko nje. Makundi yote ya ndani yakipangiwa kundi moja la nje, utenganisho alioushauri Bi Itifaki unafutika, picha inafurika pamoja na amri.

---

Mawimbi_Mafupi

Basi napanga makundi matatu ya nje. Amri: mafuriko kamili, nakala zitambuliwe kwa namba ya mfululizo ya IPsec. Mahali na sauti: SMF kwa E-CDS, magari kipaumbele cha juu, droni chini ya magari. Picha: PUMA na NORM. Sura mbili, msongamano na msafara, na nodi 5 zilizonyamaza katika kila sura. Kitu cha kwanza nitakachopima ni wangapi kati ya hao 5 wanaopata amri droni zote mbili zikiwa chini. Nikimaliza nitaweka majedwali hapahapa.

---

Nukta_na_Mstari

Wawili kati ya hao 5 uwaweke pembezoni kabisa, ambapo mrushaji mmoja tu ndiye anayewafikia.